Mwenyekiti wa Tume naye apite bungeni

Mhariri,

Mwaka 2024 Tume ya Uchaguzi iliongezewa neno “Huru” katika jina lake. Ibara ya 74 ya Katiba ya 1977, inayounda Tume hiyo, haikuguswa. Mwenyekiti wa Tume bado anateuliwa na Rais, ambaye mara nyingi ni mgombea, na jina la mwenyekiti huyo halipelekwi bungeni. Waziri Mkuu huthibitishwa kwa kura za wabunge. Kwa nini msimamizi wa kura zetu asithibitishwe?

Kinachoniuma zaidi ni Ibara ya 41(7): matokeo ya urais yakishatangazwa na Tume, hakuna mahakama inayoruhusiwa kuyachunguza. Mahakama ya Afrika ya Haki za Binadamu na Watu, yenye makao hapa hapa Arusha, iliamua Julai 2020 kwamba kifungu hicho kinakiuka Mkataba wa Afrika. Bado kipo.

Vijana wa mtaani kwetu wananiambia hawaoni sababu ya kupanga foleni kituoni. Nimepiga kura tangu 1995, na sina la kuwajibu. Nawaomba wabunge waanze na ibara hizi mbili, hata kabla ya Katiba mpya.

Msomaji wenu,
Arusha