Barua kwa Mwanaidi, Thetford

Leicester, Jumapili usiku

Shoga yangu Mwanaidi,

Salamu nyingi kwako, kwa shemeji na watoto. Huku hatujambo, alhamdulillah, ila kifua cha Rukia kinapona leo kesho kinarudi. Mwezi wa tatu huu hupokei simu yangu, na mimi nikaona basi, nisiwe msumbufu. Leo nimeshindwa. Nimeona niandike, maana kwenye simu mimi na wewe tunakatizana, hamna anayemaliza neno.

Unajua ni lipi. Ni yale ya jikoni kwa Bi Zaituni, mkesha wa harusi, tunamenya vitunguu vya pilau. Ulisema kumpa kura mtu wa chama kidogo katika nchi hii ya Uingereza ni kumwaga maji mchangani. Nikapandisha sauti mbele ya wakwe wa watu. Kwa sauti ile nakuomba radhi, nisamehe. Kwa maneno yenyewe bado sijakubali, na kuna jambo sikukwambia siku ile.

Siku ya uchaguzi mkuu wa 2024, Conservative wako madarakani na Labour, wakubwa wenzao, wanataka kuwang'oa, mimi nilitoka nyumbani nimeamua kuwapigia Kijani, kile chama kidogo cha mazingira. Kituo chetu kilikuwa ukumbi wa kanisa. Nikatoa pasi yangu ya Tanzania, yule mama wa mezani akaifungua, akaitazama picha, akanitazama usoni, akanipa karatasi. Penseli ilikuwa imefungwa kwa uzi mfupi, ukiandika unakuvuta mkono. Nikasimama mbele ya majina yale nikakusikia wewe kabisa: "Utawafungulia Conservative mlango." Nikaogopa. Nikatia alama yangu kwa Labour, nikatoka nimeinamisha kichwa kama mtu aliyesema uongo mahakamani.

Asubuhi naamka nasikia jimbo letu, Leicester East, ambalo Labour walilishinda kila uchaguzi mkuu tangu 1987, limekwenda kwa Conservative! Nchi nzima wanapoteza viti mamia kwa mamia, na kiti kimoja tu walichopata kutoka mikononi mwa wengine kikawa hiki chetu. Nilikaa kitandani na simu mkononi, sikuweza hata kuinuka kuchemsha chai.

Najua hapa unatabasamu, na haki yako nakupa. Mgombea wa Labour alishindana na watu wawili ambao wote waliwahi kuwa wabunge wa jimbo hilihili kwa tiketi ya Labour, Claudia Webbe na Keith Vaz. Zijumlishe kura za hao watatu, zinampita mshindi kwa mbali. Shivani Raja wa Conservative aliingia bungeni bila kufika hata theluthi moja ya kura. Kwa hiyo ndiyo, wadogo wanagawa kura. Sibishi.

Lakini Mwanaidi, mbona lawama zote anabebeshwa aliyefuata moyo wake, na hii kanuni ya kuhesabu haiulizwi? Anayeongoza, hata kwa kura moja, anabeba kiti, na za wengine wote zinazikwa hapohapo. Ndiyo hiyohiyo tuliyorithi nyumbani kwa wabunge wa majimbo, ila kwetu angalau viti maalumu vya wanawake vinagawiwa vyama kwa kufuata kura walizopata. Hapa Westminster, bunge lao la Uingereza, hata hicho hakuna. Tazama uchaguzi uleule: Reform, chama cha Nigel Farage kinachopinga wageni, walipata kura zaidi ya milioni 4 wakapewa viti 5. Liberal Democrats, kura milioni 3.5, viti 72, kwa kuwa wapigakura wao wamekaa pamoja kwenye majimbo yaleyale. Labour wenyewe walipigiwa na mtu mmoja kati ya kila watatu waliopiga kura, wakachukua karibu theluthi mbili ya bunge. Ukigawanya, kila mbunge wa Labour alikuwa na kura kama 24,000 nyuma yake, na kila mbunge wa Reform zaidi ya 800,000. Mimi Reform siwataki hata kuwasikia, unanijua. Lakini dhuluma ni dhuluma hata anayedhulumiwa akiwa simpendi.

Halafu ulisema vyama hivi havina athari. Hebu kumbuka UKIP, kile chama kilichotaka Uingereza itoke Umoja wa Ulaya. Cameron, waziri mkuu wa Conservative wakati ule, aliahidi kura ya maoni ya kubaki au kutoka Ulaya Januari 2013, wakati UKIP hawajawahi kushinda uchaguzi wa kiti hata kimoja cha Westminster. Aliona wanamlia kura. Mwaka 2015 wakapata kura karibu milioni 3.9 na kiti kimoja tu, na mwaka uliofuata nchi ikapiga kura ya kutoka Ulaya. Chama cha kiti kimoja! Si kwa kushinda, ni kwa kumtia mkubwa hofu. Kama wanaotuchukia sisi wageni wameweza hivyo, kwa nini wanaotaka hewa safi na nyumba za bei ya watu wasiweze?

Na mjini kwetu humuhumu, usiku uleule, Leicester South watu hawakuogopa. Waliudhika kwa ajili ya Gaza, wakampa Shockat Adam, mgombea binafsi, akamwangusha Jonathan Ashworth wa Labour kwa kura 979. Mtaa wa pili na wangu, shoga. Mimi huku nimetia alama kwa woga na bado nikashindwa.

(Nilimsimulia yule mzee wa duka la viungo Belgrave, yule aliyefukuzwa Uganda 1972 na Kiswahili chake hakijachuja. Akaniambia, "Mama, kura ya woga inakula mara mbili." Amekusalimu. Anauliza ile iliki ulipenda?)

Sasa lako. Uliniambia wewe ni mgeni na kura haikuhusu, kwa hiyo 2024 ulikaa nyumbani. Mwanaidi, tuko Jumuiya ya Madola! Mtanzania anayeishi hapa kihalali anapiga kura hata ya uchaguzi mkuu. Na unajua jimbo lako ni lipi? South West Norfolk. Liz Truss, waziri mkuu wa zamani, aliyeshinda hapo 2019 kwa tofauti ya kura zaidi ya 26,000, aliondolewa kwa kura 630. Reform wakampunguzia huku, mgombea binafsi akampunguzia kule, na aliyeshinda hakupata hata asilimia 27. Jaza basi moja la wafanyakazi wa kiwanda chenu, kisha mengine kumi, umeshapata 630. Na Runcorn Mei 2025, uchaguzi mdogo, Reform walishinda kwa kura 6. Sita! Pale jikoni tulikuwa wengi kuliko hao.

Nakuomba ujiandikishe. Ni dakika tano kwenye mtandao, unahitaji anwani, tarehe ya kuzaliwa na namba yako ya bima ya taifa, ile iliyo kwenye karatasi ya mshahara. Umpigie unayemtaka, hata kama ni mkubwa. Sitakuuliza.

Una karatasi ya mshahara karibu, au nije Jumamosi tujaze pamoja? Shemeji naye kajiandikisha? Mbona Bi Zaituni anasema ulilia siku ile kwenye gari, ni kwa ajili yangu? Mama Tanga macho yake yameshapasuliwa? Na bado unaamini nilichokifanya mimi pale kanisani ndiyo busara, baada ya kusoma haya yote?

Simu yangu iko wazi hata usiku.

Wako,
Mwanahawa