Mataruma ya nkambo yasiishie kwenye mitraye: barua ya wazi kwa Waziri wa Utamaduni, Sanaa na Urithi wa Jamhuri ya Kidemokrasia ya Kongo

Mheshimiwa Waziri,

Nakuandikia kutoka Lubumbashi, mtaa wa Makomeno, ambako nilizaliwa katika ukoo wa watu wa reli.

Mwezi uliopita nilipita kwenye uwanja mmoja wa mitraye, ndivyo tunavyoita chuma chakavu huku kwetu, nikakuta rundo la mataruma, yaani vile vipande vinavyolazwa chini ya reli kuishikilia, yamekatwa kwa moto yakingoja lori. Niliyatambua mara moja. Ni yale ya chuma, yenye umbo la mtumbwi uliopinduliwa. Nkambo wangu, baba mzaa baba, alikuwa kwenye ekipi, yaani kikosi, ya kushindilia kokoto ndani ya matumbo ya mataruma hayo, kapita (msimamizi wao) akianzisha wimbo na sururu zikifuata. Alituambia kwamba taruma la mti huku huliwa na mchwa, ndiyo maana yaliletwa ya chuma. Na taruma lisiloshiba kokoto huchezacheza treni ikipita. Hutoa mlio wake, na mwenye sikio hujua pa kuchimba. Ujuzi huo hakuuandika popote. Ameondoka nao, Mungu amrehemu.

Nilimuuliza mwenye uwanja mataruma yametoka wapi. Hakunijibu. Nikaenda kuuliza katika ofisi moja, nikaambiwa nirudi kesho, na kesho hiyo haijafika hadi leo.

Mheshimiwa, mji huu na reli ni pacha. Daraja la Zambezi kwenye maporomoko ya Victoria lilifunguliwa 1905. Reli ikapanda kupitia Kabwe, ikaingia nchini kwa Sakania, ikatufikia 1910, mwaka ule ule mji ulipoanzishwa. Mwaka 1918 ikafika Bukama, mizigo ikawa inahamia kwenye meli za mto Lualaba. Mwaka 1928 ikafika Ilebo. Njia ya Kalemie, kwenye Ziwa Tanganyika, ilikuwa na nafasi ndogo zaidi kati ya reli zake mbili, ikapanuliwa 1955 hadi milimita 1,067 kama ya kwetu, na mwaka uliofuata kipande cha Kamina hadi Kabalo kikaunganisha njia hizo mbili. Ukimwuliza mtu wa Katuba au Kenia, mitaa ya mji wetu huu, jinsi wazee wake walivyofika hapa, mara nyingi atakutajia gare, yaani stesheni. Na Kiswahili chetu hiki kilikomaa katika kambi za migodi na za reli.

Sisemi kwamba yote yalikuwa mazuri. Reli ilijengwa kwa ajili ya shaba ya mkoloni, na kwa jasho la watu ambao majina yao hayakuandikwa. Kisha 1992 na 1993 maelfu ya ndugu zetu wenye asili ya Kasai walifukuzwa majumbani mwao, wakalala kwenye gare ya Likasi, na watoto na masufuria, wakingoja treni ya kuwaondoa. Wengine walifia pale pale. Mabehewa yaliyowabeba ni mashahidi. Tukiyauza kwa kilo, nani atawaonyesha wajukuu wetu mahali jambo hilo lilipopita?

Najua jibu nitakalopewa: watu wanakufa kwenye reli mbovu, wewe unalilia makumbusho. Ni kweli wanakufa. Machi 2022 treni ya mizigo iliacha reli Buyofwe, jimbo la Lualaba, na zaidi ya watu 70 waliokuwa wamepanda wakapoteza maisha. Kwa hiyo sikuombi uchakavu ubaki chini ya treni. Mataruma yaliyochoka yang'olewe, hata leo. Ninachouliza ni yanakwenda wapi yakishang'olewa, hasa sasa ambapo kila mtu anazungumzia njia ya reli ya kwenda bandari ya Lobito, Angola, na fedha za kuikarabati.

Sheria unayo. Ile ya tarehe 15 Machi 1971, namba 71-016, inalinda mali za utamaduni na inaruhusu kitu kuandikishwa kisiguswe. Tunaomba, kabla ya mnada wowote wa chuma cha reli Katanga, watu wako waje wahesabu: mabehewa ya abiria ya zamani, mashine za mvuke zilizobaki, saa za gare, taa, rejista za wafanyakazi. Ubavuni mwa reli huwa kumechapwa jina la kiwanda na mwaka; hayo yanakiliwe kabla ya kukatwa. Tunaomba behewa moja la daraja la tatu lihifadhiwe, lenye mabenchi yake ya mbao, na si lile la wakubwa peke yake. Makumbusho ya Taifa ya Lubumbashi yapewe mita chache za njia nzima, kokoto na yote. Livingstone, kwa jirani zetu wa Zambia, wana makumbusho ya reli, na hiyo ni reli ile ile iliyokuja hadi kwetu.

Zaidi ya vyote, tuma vijana wenye vinasa sauti kwa wastaafu wa Makomeno, wa Kamina na wa Likasi. Wanaokumbuka nyimbo za kushindilia kokoto wamebaki wachache, na msimu huu wa mvua tumezika wawili.

Sururu ya nkambo ninayo nyumbani, mpini wake umelainika kwa viganja vyake. Siku mtakapofungua mlango, nitaileta mwenyewe.

Kwa heshima,
Mjukuu wa mfanyakazi wa reli
Makomeno, Lubumbashi