Sio "kama nimekukosea"

Golders Green, London
Jumamosi usiku, 15 Oktoba 2022

Shoga yangu,

Asalaam alaykum. Usishtuke kuona barua ndefu badala ya voisi, voisi ndizo zilizonitia matatani kwako na wallahi siku hizi hata ile alama ya maikrofoni kwenye simu nikiiona moyo unanidunda. Kwa hivyo leo naandika, nikikosea nafuta.

Nimekaa jikoni, bikizee wangu nishamlaza, na mikono yangu inanuka karafuu. Ndiyo, karafuu, London hii hii. Si unajua nafanya kazi ya kea, kutunza wazee, kwa bibi wa Kiyahudi, huu mwaka wa tatu nalala hapa hapa kwake. Basi kila Jumamosi jua likishazama na nyota zimetoka wanaiaga Shabati, siku yao ya mapumziko ya kila wiki, wanawasha mshumaa uliosukwa kama nywele za mtoto wa chuoni, wanajaza kikombe cha divai mpaka kinamwagika, halafu kinapitishwa kikopo kidogo cha fedha chenye viungo, kila mtu anuse. Cha huyu bibi kina karafuu tupu. Mara ya kwanza aliponipa ninuse nililia, akadhani naumwa. Niliyaona majamvi ya karafuu uani kwenu Wete, wingu limetanda, mimi na wewe tunakimbia kuzizoa kabla ya mvua na mama yako anatupigia kelele tusizikanyage! Nikamuuliza bibi kwa nini mnanusa, akanambia siku ya Shabati mtu huongezewa roho ya pili, na siku ikimalizika ile roho inaondoka mtu anabaki mnyonge, bas harufu nzuri ni ya kumliwaza. Nikamwambia sisi kwetu hizi tunatia kwenye pilau. Alicheka mpaka akapaliwa.

Hii Shabati mwanzo ilinichosha, nisikufiche. Ijumaa dakika 18 kabla ya jua kuzama mishumaa iwe ishawashwa, na hapa kipindi cha baridi mana'ake ni saa tisa u nusu mchana, hujamaliza hata kuosha vyombo. Kuanzia hapo bibi hagusi swichi, hapiki, haandiki, hashiki simu, chakula kinakaa juu ya sahani ya umeme niliyoiwasha mapema. Na taa ikiwa imezimwa kwa bahati mbaya haoni vizuri kunambia waziwazi "washa", hilo nalo lina masharti yake, kwa hivyo anasema tu, "Leo humu mna giza jamani," na mimi najifanya kiziwi kidogo nimchokoze, halafu naenda nawasha kama nataka kutafuta kitu changu.

Lakini mwenzangu, ile simu yake inayolala kwenye droo siku nzima imenifunza. Sasa na yangu naitia mle mle, Ijumaa magharibi mpaka Jumamosi usiku, saa 25, ya mezani ipo kwa dharura. Sio mambo ya dini, dini yangu unaijua, sala zangu nasali chumbani na bibi mwenyewe ndiye anayenikumbusha, "Wewe, bado hujasali." Naitia kwa sababu ya ulimi wangu. Ule usiku niliorikodi ile voisi ilikuwa Ijumaa. Nimechoka, nimekaa kitako, sina la kufanya, simu mkononi.

Ntafika huko, niache kidogo nizunguke.

Mwaka wao mpya umeingia Septemba tarehe 25 magharibi, mwaka wa 5783 kwa hesabu yao. Mwezi mzima kabla yake kila asubuhi sinagogini inapulizwa pembe ya kondoo dume, isipokuwa Jumamosi. Sauti yenyewe sio ya muziki hata, inakwaruza, inakatika kama mtu anayelia kwa kwikwi. Niliposikia nikasema hii ni mbiu, na mbiu ya mgambo ikilia ina jambo. Nikamfasiria bibi, akafurahi kweli, akasema ndiyo, jambo lenyewe ni kuamka usingizini, wamelala watu kwa dhambi zao na wamejifunika vizuri. Mwaka ukiingia wanakula tofaa kwa asali na kutakiana mwaka mtamu, na alasiri wanakwenda penye maji ya mto au bwawa kukung'uta mifuko, kama ndo wanatupa madhambi humo. Nilimsukuma na kiti chake mpaka kijitoni. Akanambia na wewe kung'uta. Nikamwambia zangu haziko mfukoni, ziko kwenye simu.

Hapo ndo akanihoji, na mimi nikamwambia yote. Nikamwambia mbona msamaha nishamuomba shoga yangu. Si unazijua meseji zetu za mkesha wa Ramadhani, "naomba unisamehe kama nimekukosea kwa kujua au kutojua", mtu mmoja anaitunga huko na ua la waridi na mwezi mwandamo, sote tunaifowadi mpaka kwa fundi friji. Na wewe nilikutumia hiyo. Ukajibu "amin". Nikaona bas, yameisha.

Bikizee akanitazama. "Kama? Ulimkosea ama hukumkosea?"

Sikuwa na jawabu.

Akanambia katika Mishna, kile kitabu chao cha sheria za zamani, kuna maneno kwamba madhambi baina ya mtu na Mungu siku ya Yom Kippur, siku yao kuu ya toba na saumu, inayafuta, lakini ya baina ya mtu na mwenzake haiyafuti mpaka aende akamridhishe mwenzake. Na sisi si tumefunzwa hivyo hivyo chuoni, haki ya mja, Mola hasamehi mpaka mja mwenyewe asamehe, nimeikariri hiyo tangu nina miaka saba na bakora juu. Mimi nafikiri tofauti ni moja tu, wao wameitilia tarehe. Toka mwaka mpya mpaka Yom Kippur zinahesabika siku kumi, na ndani ya siku hizo niliwaona watu wazima wanapiga simu, wanabisha hodi, jirani mmoja alikuja mlangoni na keki kumuomba radhi bibi kwa neno alilolitoa mwezi wa tano, bibi mwenyewe alikuwa hata halikumbuki. Mimi jambo lisilo na tarehe nalisogeza mpaka linaota ukungu.

Halafu lipo lile lililonimaliza kabisa. Bibi alikuwa na mdogo wake hawasemezani miaka 11, wamegombana kwa vishikio vya mishumaa vya mama yao, kila mmoja anasema mama aliniachia mimi. Yule mdogo alikufa Aprili 2020, corona ile, mimi nina miezi miwili tu kazini, na mazishini hawakuruhusiwa kwenda watu ila wachache mno. Sasa Musa bin Maimuni, yule tabibu na mwanachuoni wao aliyeishi Misri zama za Salahuddin, ameandika kwamba uliyemkosea akishakufa, chukua watu kumi uwasimamishe kaburini kwake, useme mbele yao nimemkosea Mungu na nimemkosea huyu, nilimfanyia kadha na kadha. Bas juma lile la siku kumi wakakusanyika wanaume kumi, wajukuu na majirani, mimi nasukuma kiti kwenye kokoto za makaburini, upepo unakata masikio. Akasema kwa sauti. Akavitaja vile vishikio. Akasema, "Nilijua mama alimwachia yeye." Hakuna aliyekohoa. Kisha akaokota kijiwe akakiweka juu ya kaburi, maana wao wanaweka mawe badala ya maua, na njia nzima kurudi nyumbani hakusema neno.

Na mimi nyuma ya kile kiti nawaza, huyu anamwambia jiwe, na wa kwangu yuko Wete, hai, namba yake ninayo.

Ungedhani ningekuandikia usiku ule ule. Wapi. Nilianza mara mbili nikafuta. Yom Kippur ikaingia tarehe 4 magharibi, funga ya saa 25, hata maji, viatu vya ngozi havivaliwi, wanavaa nyeupe, na kila mtu hata asiyeshika dini mwaka mzima utamuona siku hiyo njiani anakwenda sinagogini. Bibi ana miaka 88 na sukari, daktari na rabai, sheikh wao, wote wawili walishamkataza kufunga. Wao roho ya mtu iko mbele ya Shabati na mbele ya saumu, mgonjwa wa hatari kula ni wajibu wake kabisa. Kwa hivyo alipangiwa kula kidogo kidogo, matonge ya mtoto, tena kwa kupumzika dakika kama tisa baina ya kila tonge, mimi nimesimama naangalia saa ya ukutani. Alikula analia. Akasema tangu ana miaka 12 hajawahi kula siku hii. Nikamwambia bibi na sisi mgonjwa Ramadhani ana ruhusa, na ruhusa ya Mungu ni zawadi, haikataliwi. Akameza.

Alasiri wakati wenzake wanakisoma sinagogini na yeye akasoma kitandani kisa cha Nabii Yunus, wanakisoma chote siku hiyo, na akanifasiria kwa Kiingereza. Yunus katumwa mji huu, kapanda jahazi la mji mwingine. Nikahisi nasimuliwa mimi. Nimetumwa Wete, naosha madirisha Golders Green.

Sasa tuko kwenye Sukkot, hii ndo sikukuu yao ninayoipenda, siku saba wanakula kwenye kibanda uani. Kuta za chochote lakini paa lazima liwe la kitu kilichoota ardhini na kukatwa, liwe na mianya, ukitazama juu uone nyota. Mjukuu wake alileta matawi ya mnazi wa kizungu sijui, nikasema haya si makuti haya! Bibi akaniuliza nyumba za makuti kwenu hazivuji? Nikamwambia zetu akiezeka anayejua hazivuji, zenu ndo sharti zivuje. Na zinavuja kweli, Oktoba ya London unaijua kwa kuisikia, juzi supu iliingia maji mpaka ikaongezeka, na wao wenyewe wana ruhusa mvua ikizidi kuingia ndani, lakini bikizee mbishi, kakaa na mwavuli. Anasema hii ndo nyumba yangu ya kweli, ile ya matofali ni ya kujidanganya.

Na leo usiku ndo mkesha wa siku ya saba, Hoshana Rabba. Nilimwambia bibi tarehe ya kuomba radhi nishaipita, siku kumi zimekwisha. Akasema hukumu ya Mungu ya mwaka ilitiwa muhuri Yom Kippur lakini barua haijapelekwa posta mpaka kesho. Wana msemo huo. Kisha akanambia nikamlaze, nirudi jikoni, nisilete visingizio.

Basi.

Novemba mwaka jana ulinipigia unalia ukanambia umeuza vikuku vya dhahabu vya mama yako kulipa deni la kijana wako, ukasema hili ni baina yangu na wewe na Mungu. Siku mbili baadaye nikalisimulia kwenye kundi letu la wanawake wa hapa, voisi ya dakika nne, na mle ndani nilicheka. Mwenyewe niliisikiliza tena juzi, nimecheka mara mbili. Sikuituma mimi Pemba lakini mimi ndiye niliyeitoa. Mama yako akazisikia habari za vikuku vyake kwa jirani, kwenye foleni ya maji. Na uliponiuliza nikakwambia simu yangu ilichezewa. Haikuchezewa. Nimekudanganya juu ya kukuvunjia siri.

Bibi anasema mabingwa wao walihitilafiana, uliyemsema nyuma yake kama hajui, umwambie ukamuumize mara ya pili au unyamaze. Ningependa hilo lingekuwa swali langu, lakini wewe unajua kila kitu, na umejua mwaka mzima na bado siku ya Idi ulinipigia ukaniuliza nimepika nini.

Kwenye lile kundi nimeshaandika, kwa maandishi, kwamba niliyoyasema sikuwa na haki ya kuyasema na walioituma kwingine waifute. Wawili wametoka kundini. Mama yako nataka nimpigie, lakini nasubiri ruhusa yako, nisije nikafungua kidonda ambacho wewe ushakifunga. Na usinijibu kwa haraka ya kunihurumia. Yule Musa bin Maimuni kasema mtu anaombwa mara tatu, kwa hivyo nina mbili zangu bado.

Kijana anaendeleaje? Na ile skuta yake aliipata?

Ngoja, bikizee anaita huko ndani, anasema humu mna giza. Shabati ishatoka tangu saa moja kasoro, anaweza kunambia washa taa vizuri tu, kashazoea.

Wako,
yule yule wa majamvi