Shoga, Pattaya ya sasa

Shoga yangu kipenzi,

Asalaam aleikum, hamjambo huko Maskati? Mimi mzima, nipo Bangkok toka wiki iliyopita, mzigo nshafunga umeenda kago jana ndo nimepata nafasi ya kukaa chini nikuandikie, maana ile meseji yako ya kuuliza Pattaya, ule mji wa ufukweni huku Thailand, ikoje siku hizi na mjiandae na hela ngapi wewe na shemeji na watoto niliisoma nimesimama sokoni Pratunam na mafurushi mikono yote miwili, nikasema hii haijibiki kwa mstari mmoja.

Nlikuwa na siku mbili za kungoja mzigo nikaona bora niende nikajionee mwenyewe. Basi la kutoka stendi ya Ekkamai kama zamani, masaa mawili na kitu, nimekaa dirishani nakuwaza wewe na ile safari yetu ya 2010 tulivyolala wawili kwenye chumba cha baht 600 tukajiona tumefika peponi. Nimekirudia chumba kile kile shoga! Sasa hivi baht 1,000. Kitanda kile kile, dirisha lile lile la kuangalia ukuta, feni tu ndo wametoa wakaweka AC.

Sasa piga hesabu na mimi. Mwaka ule baht moja tulikuwa tunaipata kwa shilingi 45, 47 hivi, kwahiyo chumba kilikuwa kama elfu 28. Leo baht moja inapita shilingi 70, chumba hicho hicho kinanitoka zaidi ya elfu 70. Lakini wewe riali yenu imefungwa kwenye dola, ilikuwa inatoa baht themanini na kitu na mpaka leo ni themanini na kitu, kwako chumba kimetoka riali 7 kwenda 12. Ndo maana nakwambia usiulize watu wa Dar kama Pattaya imekuwa ghali, watakutisha bure, wao wanasema ukweli wao ila mfuko si wako.

Vile vigari vya bluu vya kukaa mmetazamana, si unakumbuka tulikuwa tunaviita chai maharage, bado vinazunguka, vinashuka na barabara ya ufukweni vinarudi na ile ya pili yake. Nauli ni ile ile baht 10. Panda kimya, ukifika bonyeza kengele juu ya dari, shuka, mpe dereva hela yako dirishani. Usimuulize bei kabla ya kupanda maana ukiuliza tu anajua unataka kukodi gari zima hapo anataja mia mbili. Boti ya kwenda kisiwa cha Koh Larn nayo baht 30 kutoka gati ya Bali Hai, watoto watapenda, maji ya kule ni mazuri kuliko ya mjini.

Penye kuuma ni kwenye viingilio. Lile hekalu kubwa la mbao la pembeni ya bahari kule Naklua, linajengwa toka 1981, mgeni ni baht 500 kichwa, na mkisema msogee mpaka kisiwa cha Samet ile hifadhi mgeni anatoa 200 na Mthai 40, tena sehemu nyingine bei ya mwenyeji wanaiandika kwa tarakimu za Kithai ambazo wewe huwezi kuzisoma. Nliwahi kukasirika sana mara ya kwanza. Afu nikakumbuka Serengeti mzungu analipa dola 70 sisi elfu 10 tu na hatujawahi kuona aibu, wenye nchi wameshailipia nchi yao kwa njia nyingine. Ila wasifiche namba, hilo sitalikubali, bei iandikwe kila mtu aisome.

Kilichobadilika hasa ni watu. Kabla ya korona zile basi za Wachina zilikuwa zinapanga foleni mpaka huwezi kuvuka barabara, mwaka 2019 Thailand nzima ilipata wageni karibu milioni 40 na Wachina peke yao kama milioni 11. Wamepungua sana, na mwanzoni mwa 2025 yule mwigizaji wao alivyodanganywa kwa kazi ya Thailand akaishia Myanmar mikononi mwa matapeli ndo wengi wakaogopa kabisa. Sasa hivi ni Wahindi, toka wafutiwe viza mwishoni mwa 2023 wanakuja familia nzima mpaka bibi, na Warusi, menyu zimejaa maandishi yao. Na ule mtaa wa Waarabu kule Pattaya Kusini nimekaa nakunywa chai mzee mmoja wa meza ya pili ananisikia naongea na simu, akanambia "hujambo mwanangu, kwenu wapi?" Kiswahili cha Unguja kabisa! Mtu wa Oman, kazaliwa Unguja. Nilitaka kulia wallahi.

Yule mama wa papai bichi yupo! Unamkumbuka, wa kinu kile cha udongo pale uchochoroni, aliyekutia pilipili 5 ukatoka machozi ukaomba nyingine. Kazeeka, goti linamsumbua. Sahani ilikuwa 30 sasa 60, na bado mtalii mmoja mbele yangu akambembeleza apunguze 10, wakati mkononi ameshika kahawa aliyonunua kwa 150. Iliniuma. Nyumba anapanga, ndimu na mafuta vimepanda, wageni wa siku hizi wengi wanakula hotelini walikolipia kila kitu huko huko kwao. Meza zake 6, jioni nzima mimi niliona 2 zikikaa watu.

Nikamuonyesha picha yetu ya 2010 kwenye simu, akakugusa wewe usoni kwa kidole chenye pilipili, akanyoosha mkono juu kuonyesha yule mrefu yuko wapi. Nikamwambia anakuja na watoto watatu. Akaandika 3 kwenye meza kwa maji, akacheka. Basi mkifika nendeni usiku wa kwanza, uchochoro wa pili baada ya lile soko, ukaage kwenye meza ya chini ya mti. Na umchukulie dawa ya goti ile mnayoiuza huko, ile ya kupaka.

Wako,
shoga yako wa Kariakoo