Salamu za Pasaka kutoka kwa asiyezoea kuziandika

Wapendwa ndugu, jamaa na marafiki, Bwana Yesu asifiwe.

Kwa niaba ya familia yangu nawatakia nyote Pasaka njema, yenye amani, afya na baraka tele. Salamu hizi miaka yote zilikuwa za kaka. Mwaka huu, kama mjuavyo, kalamu imeniangukia mimi. Mnivumilie, yeye alijua kuandika, mimi najua kuhesabu tu.

Na hesabu za mwaka huu zimegoma. Juzi nilikuwa Kariakoo kutafuta viatu vya watoto. Nikashika pea moja, nikauliza bei, nikairudisha taratibu kama yai. Mafuta ya kula yamepanda, nauli ya Muheza imepanda, mchele ndio usiseme. Pilau tutapika, ila nyama mtaitafuta kwa tochi. Tushukuru kwa uzima.

Mnakumbuka kaka na Tottenham yake. Shemeji amenikabidhi simu ya marehemu, na ndani nimekuta picha ya kijana mweusi aliyevaa sare za afisa wa Kiingereza. Ni Walter Tull. Habari zake kaka alizisimulia mezani kila sikukuu, nasi tukawa tunamwambia apitishe kachumbari. Nimezisoma sasa, peke yangu.

Alizaliwa Folkestone, Uingereza, mwaka 1888. Baba alikuwa seremala kutoka Barbados, mzao wa watumwa, mama Mwingereza. Mama alifariki 1895, baba 1897, na Walter na kaka yake Edward wakapelekwa kwenye kituo cha yatima cha Wamethodisti huko Bethnal Green, London. Edward akachukuliwa na familia moja ya Glasgow, akasoma, akawa daktari wa meno. Walter akabaki na mpira. Tottenham walimsajili 1909, na mwaka huohuo mashabiki wa Bristol wakamtukana rangi yake mpaka magazeti yakaandika. Akahamia Northampton, akacheza mechi zaidi ya 100.

Vita Kuu ya Kwanza ya Dunia ilipoanza 1914, Uingereza hakuna aliyelazimishwa kwenda. Sheria ya kulazimisha ilikuja 1916. Yeye alijiandikisha mwenyewe Desemba 1914, kwenye kikosi cha wanasoka cha Middlesex. Alipigana Somme, Ufaransa, akarudishwa nyumbani mgonjwa, kisha akapelekwa kozi ya uafisa Scotland. Kanuni za jeshi hazikutaka mtu mweusi aamrishe Wazungu. Mei 1917 akapewa cheo hivyohivyo: luteni usu wa askari wa miguu. Mwanzoni mwa 1918, huko Italia, aliongoza askari 26 kuvuka mto Piave usiku, maji yakienda kasi, hadi upande wa adui. Wakaenda 26, wakarudi 26. Mimi mtu wa hesabu, hiyo ndiyo iliyonikaa.

Yeye mwenyewe hakurudishwa. Tarehe 25 Machi 1918, Jumatatu ya Wiki Takatifu, karibu na kijiji cha Favreuil, Ufaransa, Wajerumani wakisonga mbele, alipigwa risasi. Askari wake walijaribu kumbeba, mmoja wao Tom Billingham, aliyewahi kuwa kipa. Risasi zikawazidi, wakamwacha pale. Mwili haukupatikana mpaka leo. Jina limechongwa kwenye ukuta wa kumbukumbu huko Arras. Afisa mwenzake alimwandikia Edward kwamba kikosi kizima kilimpenda. Ndugu akabaki na barua, kaburi hana. (Kariakoo ileile niliyokimbia bei zake imepata jina kwa wapagazi wa vita hiyohiyo. Makumi ya maelfu yao walikufa kwa kuhara na malaria, na wengi hawana hata ukuta.)

Sisi kaburi la kaka tunalo, chini ya mchungwa. Ila niseme, maana wengi wenu mnajua na mmeninyamazia kwa adabu: miezi minane ya mwisho mimi na kaka hatukusemeshana. Kisa kiwanja. Hatua ishirini kwa thelathini, nilizipima mwenyewe. Alinipigia mara mbili mwezi wa tisa, nikaiacha simu iite mpaka ikakata. Mwezi wa kumi na moja nikapigiwa na shemeji.

Ndugu zangu, Kwaresima si kuacha soda. Nani kati yetu ana ndugu ambaye jina lake likitokea kwenye simu anaigeuza kifudifudi mezani? Mpigie leo. Usitume mtoto, usitume ujumbe, mpigie. Wale wanafunzi walimkimbia Bwana bustanini Alhamisi usiku, wakamwacha na mapanga ya watu. Jumapili asubuhi, neno alilowatuma wanawake ni nini? “Enendeni, mkawaambie ndugu zangu.” Ndugu zangu! Hakusema wale wasaliti, wala hakudai kikao cha ukoo kwanza. Na sisi tunaojiita watu wa kanisa tunasubiri nani aanze kusalimia!

Basi, nawatakia tena heri ya Pasaka. Wagonjwa wapone, wasafiri wafike salama, wanafunzi wafaulu, na Mwenyezi Mungu atujalie mwakani tuwe hai.

Jumatatu ya Pasaka tukutane kaburini saa tatu asubuhi. Kwa masika haya udongo utakuwa umetitia, kwa hiyo vijana mje na majembe. Ile jezi nyeupe aliyokuwa akiivaa siku za mechi shemeji ameifua na kuipiga pasi. Nitakuja nayo mimi.