Swahiba, liinue paa

Swahiba wangu,

Salamu nyingi zikukute u mzima, wewe na shemeji na watoto. Sisi huku hatujambo. Barua yako nimeipata pamoja na ule mchoro wa kibanda, na nimeukalia jioni mbili nzima kwa penseli na rula. Nimefurahi mno. Tangu tujuane unatamani kivuli cha makuti bustanini, mahali pa kujinyoosha mchana bila bati kukuwakia kichwani, na sasa naona umeamua kweli. Ndiyo maana nakuandikia upesi, kabla hujakata mti hata mmoja: paa lako limelala mno. Liinue.

Sababu yako nimeiona. Umeandika pembeni kwamba hutaki kibanda kipite urefu wa ua, na kwamba paa la chini litakula makuti machache. Nami nilifikiri vivyo hivyo nilipojenga changu cha kwanza. Msimu wa kwanza wa mvua hakikuvuja hata tone, na hilo ndilo lililonidanganya, kwa kuwa nilidhani nimefaulu. Msimu wa pili nikapanda ngazi kutengeneza mgongo wa paa uliokuwa umepeperushwa, nikafunua kuti moja. Juu lilikuwa kavu, limegeuka rangi ya majivu kama inavyopasa. Chini yake kulikuwa kweusi, kumelowa, majani yanamomonyoka vidoleni kama mboji. Paa zima lilikuwa likioza kwa ndani, kimyakimya. Niliezua lote, na siku ile iliniuma sana.

Kilichotokea ni hiki. Makuti hayazuii maji kama bati. Tone huangukia jani, huteleza mpaka ncha, hudondokea jani la chini yake, na kuendelea hivyo mpaka ukingoni. Mteremko ukiwa mkali, maji hukimbia yakiwa yamelowesha tabaka la juu tu, kisha jua na upepo hulikausha. Mteremko ukilala, maji husitasita, hunywea ndani, na mahali pasipokauka huota ukungu. Lipo na jambo ambalo wengi hawaliangalii: kila kuti limelalia kuti la chini yake, kwa hiyo jani lenyewe siku zote limelala kuliko kombamoyo, ule mti wa mteremko ulilolibeba. Paa likiwa na mteremko mdogo, majani yanakuwa karibu bapa kabisa.

Sasa tazama mchoro wako. Upana ni mita 4, na kilele umekipandisha sentimita 80 tu juu ya boriti. Hiyo ni kama digrii 22. Mimi sishuki chini ya digrii 45, na hesabu yake ni nyepesi: kimo cha kilele kiwe nusu ya upana. Kwako ni mita 2 kamili. Makombamoyo yatatoka mita 2.15 mpaka mita 2.83, na ukiongeza sentimita 60 za kutokeza nje ili mvua isipige nguzo, kata ya mita 3.5 ubaki na kidogo cha kurekebisha. Makuti yataongezeka kama robo. Ni gharama, ndiyo, lakini ni robo utakayoilipa mara moja, badala ya kununua paa zima upya.

Kuinua paa kunaleta jambo jingine ambalo lazima ulishike. Zile sentimita 60 zinazotokeza huteremka pia, kama sentimita 42 kwa mteremko huo. Nguzo zako umezichora mita 2.2, maana yake ukingo wa makuti utakuwa chini ya mita 1.8, na shemeji kwa urefu wake atakuwa anainama kila anapoingia. Nguzo zitoke mita 2.4 juu ya ardhi. Weka na sentimita 70 za kuzika, kila nguzo inakuwa mita 3.1.

Kuhusu kuzika, nguzo haiozi sana chini kabisa, wala juu. Huoza pale inapotokea ardhini, kwenye shingo, ambapo unyevu na hewa hukutana. Kwa hiyo chini ya shimo weka kokoto ili maji yapate njia ya kunywea, na ukimwaga zege, lipandishe vidole vitatu juu ya udongo na ulisawazishe likiwa na mgongo, maji yaikimbie nguzo badala ya kuikusanyikia. Usiache kishimo hata kidogo kati ya mti na zege. Mchwa nao hupitia hapohapo, kwa hiyo paache wazi, pasiwe na maua wala rundo la majani, upate kuona vijia vyao vya udongo mapema. Kabla ya kushindilia, pima mshazari wa uwanja, kona kwa kona, njia zote mbili. Kwa mraba wa mita 4 ni mita 5.66, na vipimo viwili vikilingana, kona zako zimekaa sawa.

Mianzi uliyoitaja kwa fito, sawa, naipenda. Ila uliza imekatwa ikiwa na umri gani. Mwanzi mchanga umejaa wanga na wadudu wanaotoboa huufuata wanga huo. Chagua uliokomaa, miaka mitatu na kuendelea, na uwe umelowekwa kwenye maji ya boraksi, ile dawa ya chumvi inayozuia wadudu. Usiupigilie msumari mkavu, utapasuka. Toboa kwanza, au bora zaidi funga kwa kamba. Na mwanzi usiuzike ardhini kamwe.

Upepo nao ulinitia hofu mwaka ule tulipopata dhoruba. Mtu hudhani upepo husukuma paa tu. Kumbe ukipita juu yake hulivuta kwenda juu, na kibanda kisicho na kuta huingiza upepo mwingine chini, ukasukuma kutoka ndani. Kwa hiyo si uzito unaokulinda, ni vifungo. Kila kombamoyo lifungwe kwenye boriti, kila boriti kwenye nguzo, na uweke miti ya mshazari kati ya nguzo na boriti kwenye kila kona. Mimi nilitia mikanda ya chuma kwanza, halafu nikazungushia kamba juu yake. Kamba inapendeza macho, chuma kinashika.

Siku ya kuezeka anza chini, ukingoni, upande kwenda juu, ili kila mstari ufunike vifungo vya ule wa chini. Hapa ndipo mafundi wengine hubana makuti. Ukiacha sentimita 15 kati ya mstari na mstari, mteremko wako utakula mistari 23. Ukiacha 10, mistari 34. Chukua 34. Kaa chini ya paa mchana ukitazama juu, na ukiona vitone vya mwanga, fundi arudi. Mgongo wa paa ufunike kwa unene wa ziada na ujue utaubadilisha mapema kuliko sehemu nyingine, kwa kuwa ndio unaopigwa na jua na mvua pande zote mbili. Ukipata matete badala ya makuti, usisite. Makuti huhesabiwa kwa miaka michache, lakini matete yaliyoezekwa vizuri hufika miaka 25 na kupita.

Mawili yamebaki kwenye mchoro, na nakuomba usinikasirikie. La kwanza, umekiweka kibanda chini ya ule mti mkubwa ili upate kivuli juu ya kivuli. Kisogeze. Chini ya matawi paa halipati jua la kulikausha, majani yanayoanguka hushika unyevu juu yake, na kuvu hufuata. La pili ni lile duara la mawe ulilochora katikati, pa kuwashia moto. Hapana. Makuti makavu hushika moto kwa cheche moja, na ukishafika juu huna muda wa kufanya lolote isipokuwa kuwatoa watu. Moto uwe mbali, upande ambao upepo hauelekei kibandani, na bomba la maji lifike mpaka kibandani. Taa zisiguse majani. Kabla hujachimba, uliza pia wenye mamlaka ya ujenzi wanataka umbali gani kati ya paa la nyasi na nyumba, na kati yake na mpaka wa jirani.

Nimeandika mengi, lakini ni kwa sababu naijua raha inayokungoja. Lile paa langu la pili, lililosimama wima, lina ubaridi ambao la kwanza halikuwa nao. Hewa ya moto hupanda ikajificha kule juu kileleni, mbali na kichwa chako, kisha hupenya polepole kati ya makuti. Na mvua ikinyesha huisikii ikigonga. Unasikia mchirizo wake pembeni tu, pande zote nne, nawe umekaa katikati pakavu. Mama, ambaye hakutaka kabisa nijenge tena, siku hizi ndiye wa kwanza kutoa mkeka.

Chora upya ukiwa na kile kilele cha mita 2, unitumie. Nami siku ya kufunga makombamoyo niite. Nitakuja na ngazi yangu, kwa sababu kwa urefu huo ya kwako haitafika.

Swahiba wako daima.