Barua ya Malalamiko: Kutozwa Fedha kwa Makosa ya Wasimamizi wa Maegesho, Kariakoo

Mbagala,
Dar es Salaam.
16 Septemba 2025

Meneja,
Kampuni ya Usimamizi wa Maegesho,
Jengo la Maduka, Kariakoo,
Dar es Salaam.

Ndugu Meneja,

YAH: FEDHA NILIZOTOZWA JUMAMOSI TAREHE 13 SEPTEMBA 2025

Tafadhali rejea kichwa cha habari hapo juu.

Mimi ni fundi cherehani. Nina karakana ndogo ya kushona sare za shule huku Mbagala, na kwa miaka minne sasa nimekuwa nikiegesha gari langu katika ghorofa za chini za jengo mnalolisimamia kila nijapo Kariakoo kununua vitambaa, yaani takribani mara mbili kwa mwezi. Jumamosi iliyopita nililipa jumla ya shilingi 58,000 kwa gari nililoliegesha kwa shughuli zangu saa mbili na dakika 45, na katika fedha hizo shilingi 55,000 zilitokana na mambo waliyoyatenda watumishi wenu au ambayo kampuni yenu imeyaacha bila kuyatengeneza. Naomba nieleze tukio zima kwa kufuata saa, kwa kuwa tiketi yenu ina saa ya kuingia na ya kutoka, nanyi mtaweza kulinganisha maelezo yangu na kumbukumbu zenu.

Niliingia getini saa 4:10 asubuhi. Kibao cha mlangoni kinasema kwamba nafasi zipo, na katika miaka yote hiyo sijakiona kikibadilishwa hata siku moja, hata zile siku za kuelekea Idi ambapo magari hupangana hadi juu ya mteremko wa kuingilia. Nilipokwisha kukatiwa tiketi na kushuka ndipo nilipoona kwamba hakuna pa kuegesha, na sikuweza kugeuza kwa sababu njia ni ya kwenda upande mmoja na nyuma yangu yalikuwa yameshaingia magari mengine matano au sita, ambayo madereva wake nao walikuwa wamekisoma kibao kilekile. Katika ghorofa ya chini kabisa, zaidi ya nusu ya eneo ilikuwa imezungushiwa kamba, na ndani ya kamba hiyo mistari myeupe ya nafasi za magari inaonekana dhahiri ikipita chini ya marobota ya mitumba na maboksi ya vyombo yaliyopangwa hadi karibu na dari. Nafasi mbili zilizochorwa alama ya kiti cha magurudumu, ambazo ziko jirani kabisa na lifti, zimewekewa jenereta na mapipa. Nilikatiwa tiketi ya kuegesha gari mahali ambapo kampuni yenu imeshapafanya stoo, na saa ya kunihesabia fedha ilikuwa imeanza tangu getini.

Baada ya kuzunguka kwa dakika 25 alinijia kijana aliyevaa kizibao cha kung'aa chenye jina la kampuni yenu mgongoni na kuniambia kwamba nafasi anayo, ila kuna shilingi 3,000 ya kuoneshwa. Nilimpa. Nakiri kwamba sikupaswa, lakini nyuma yangu honi zilikuwa zikilia na nilikuwa na miadi na muuza vitambaa ambaye alikuwa amenishikia majora 12 ya rangi moja, rangi ambayo ukiikosa leo, mwezi ujao inakuja imepauka kidogo na mzazi hataki sare ya namna hiyo. Kijana aliniongoza mwenyewe kwa mkono, nyuma kidogo, kata kulia, basi, hadi gari likakaa kando ya nguzo, mahali pasipo na mstari wa kukataza wala kibao chochote. Ilikuwa saa 4:35.

Niliporudi saa 7:20 mchana nilikuta gurudumu la mbele limefungwa chuma cha njano, na kwenye kioo kuna karatasi inayosema kwamba nimeegesha pasiporuhusiwa na natakiwa kulipa shilingi 50,000. Nilisubiri dakika 40 kabla mwenye ufunguo hajafika, nikiwa nimesimama na wapagazi wawili waliobeba majora yangu mabegani, ambao nao ilinibidi kuwaongeza fedha kwa kuwachelewesha. Msimamizi wa zamu alipofika nilimweleza kwamba ni mtumishi wao aliyeniweka pale, naye akajibu kwamba kijana huyo si wao. Nilimwonesha kijana mwenyewe, akiwa bado na kizibao chenu hatua chache kutoka hapo, akipokea fedha kwa dereva mwingine, na jibu likabaki lilelile. Kama si mtumishi wenu, basi mtu asiyejulikana anavaa sare yenu mchana kweupe na kukusanya fedha kwa wateja wenu mbele ya msimamizi wenu. Na kama ni wenu, basi mmoja aliniuzia kosa na mwingine akanitoza faini kwa kosa hilohilo. Katika hali zote mbili mzigo huo ni wa kampuni, si wangu.

Nililipa ili niondoke. Nikapewa kipande cha karatasi kilichoandikwa kwa kalamu, kisicho na jina la kampuni, kisicho na namba ya mlipakodi, wala risiti ya EFD, yaani ile mashine ya kielektroniki ya risiti za kodi, ambayo kila mfanyabiashara tunayenunua kwake Kariakoo anasumbuliwa kila siku asipoitoa. Nilipodai risiti halali niliambiwa mashine iko ofisini na ofisi Jumamosi haifunguliwi. Mamlaka ya Mapato imetufundisha sote kwamba ukiuza toa risiti na ukinunua dai risiti, nami katika karakana yangu ya cherehani nne naitoa hata kwa sketi moja.

Kutoka saa 8:00 hadi saa 8:50 nilikuwa kwenye foleni ya kutokea. Jengo lina mageti mawili ya kutokea, na moja lilikuwa limefungwa kwa mnyororo kama ilivyo Jumamosi nyingi. Kwenye lililobaki alikuwapo binti mmoja peke yake, ambaye anasoma tiketi, anapiga hesabu, anapokea fedha, anatafuta chenji, na kwa wanaolipa kwa simu anasubiri ujumbe uingie, huku madereva wakimrushia maneno ambayo hakustahili. Simlaumu hata kidogo. Alikuwa anafanya kazi ya watu watatu. Zamu yangu ilipofika alinihesabia saa tano, shilingi 5,000, kwa kuwa kiwango chenu ni shilingi 1,000 kwa saa na sehemu ya saa huhesabiwa kuwa saa nzima.

Hapa ndipo penye kiini cha malalamiko yangu. Katika dakika 280 mlizonitoza, dakika 165 ndizo nilizoegesha kwa hiari na kwa shughuli zangu, ambazo kwa kiwango chenu ni saa tatu na shilingi 3,000. Zilizobaki, dakika 115, nilizitumia kutafuta nafasi ambayo kibao chenu kilisema ipo, kumsubiri mtu wenu mwenye ufunguo, na kukaa kwenye foleni iliyosababishwa na geti mlilolifunga. Kadiri mnavyozidi kutuchelewesha ndivyo mnavyozidi kupata, na maadamu mambo yako hivyo, sioni kitakachowasukuma kufungua geti la pili.

Kuna jambo jingine lililo zito kuliko fedha zangu. Katika foleni hiyo magari zaidi ya 30 yalikuwa yakinguruma chini ya ardhi, na mbele yangu alikuwapo mama mwenye mtoto mchanga aliyelazimika kushuka na kupanda ngazi kumkimbiza mtoto hewani kwa ajili ya moshi. Ngazi yenyewe ilikuwa imezibwa nusu na marobota, na mtungi wa kuzimia moto uliotundikwa ukutani uko nyuma ya maboksi, mahali usipofikika bila kuyahamisha kwanza. Sisi tunaofanya shughuli Kariakoo hatujasahau moto uliounguza soko kuu Julai 2021, wala asubuhi ya tarehe 16 Novemba 2024 ghorofa lilipoporomoka na watu kukaa siku kadhaa chini ya kifusi wakisubiri kufikiwa. Naomba msisubiri mtu mwingine aje kuwaambia kwamba ngazi ile iachwe wazi.

Mtaniuliza kwa nini nisiegeshe kwingine. Mitaa ya Kariakoo ilipimwa zama za nyumba za Waswahili za vyumba sita na uwani, na leo juu ya viwanja vilevile yamesimama maghorofa, huku barabara ikibaki na upana wake uleule, ikigawana magari, maguta, mikokoteni na wafanyabiashara wadogo. Nikiegesha Mnazi Mmoja nalipa mkokoteni wa kuvusha majora, na mvua ikinyesha nimepata hasara. Jengo lenu liko hatua chache kutoka kwa wauzaji wangu, na nilikuwa nalipa kwa moyo mkunjufu nilipokuwa nikipata nafasi.

Kwa hiyo naomba nirudishiwe shilingi 55,000, yaani shilingi 50,000 za kufungwa gari, 3,000 alizochukua kijana wenu na 2,000 zilizozidi kwenye tiketi. Naomba pia kuanzia sasa saa za mteja zihesabiwe hadi pale anapojiunga na foleni ya kutokea, jambo linalowezekana mkiweka dirisha la malipo karibu na lifti. Kibao cha mlangoni kigeuzwe nafasi zinapokwisha. Na eneo lililozungushiwa kamba lirudishwe kwa magari, zikianza zile nafasi mbili za watu wenye ulemavu, ambazo hazihitaji kikao wala bajeti bali watu wanne wa kusukuma jenereta.

Nitasubiri majibu yenu ya maandishi kwa siku 14 tangu mtakapoipokea barua hii. Zikipita bila jibu nitaliwasilisha suala hili Tume ya Ushindani, kwa kuwa Sheria ya Ushindani ya mwaka 2003 inakataza kumpotosha mlaji, na kibao kinachosema nafasi zipo wakati hazipo ni upotoshaji. Suala la risiti nitalipeleka Mamlaka ya Mapato, na la ngazi iliyozibwa kwa Jeshi la Zimamoto na Uokoaji.

Nimeambatanisha nakala ya tiketi, ile karatasi ya shilingi 50,000, na picha sita nilizopiga kwa simu, mojawapo ikionesha gari langu kando ya nguzo na ukuta usio na kibao. Jumamosi ya tarehe 27 Septemba nitakuwa Kariakoo kuchukua majora yaliyobaki, na nitapita ofisini kwenu saa 3:00 asubuhi, iwapo itakuwa imefunguliwa.

Wenu katika shughuli,

(Sahihi)
Fundi cherehani na mteja wenu,
Mbagala